Seva tatu au moja? Kisa cha mtandao wa gumzo uliobadili programu yake ya seva

Kisa hiki kinahusu mtandao mdogo wa IRC, mfumo wa zamani wa gumzo la maandishi kwenye intaneti, unaotumiwa na wazungumzaji wa Kiswahili wanaojitolea katika programu huria. Majina ya watu, la mtandao, na ya miji zilikokuwa seva yameondolewa, na mambo machache yasiyogusa mantiki ya kisa yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike.

Usuli

Mtandao ulianza kama chumba cha wanafunzi wa kompyuta waliotaka pa kuulizana maswali ya Linux kwa Kiswahili. Baadaye wanafunzi wakawa wafanyakazi, wengine wakaenda Ghuba na Amerika ya Kaskazini, na chumba kimoja kikazaa vingine. Viwili ndivyo vilivyokuwa na uhai wa kweli: kimoja cha msaada wa kiufundi, na kingine kilichoitwa baraza, ambako watu walipiga soga baada ya magharibi. Jioni yenye watu wengi, mtandao mzima haukufika watu mia tatu, na waliokuwa wakiandika ni sehemu ndogo ya hao.

Seva zilikuwa tatu. Kitovu kilikuwa mashine ya kukodi huko Ulaya. Mbili nyingine, seva tanzu, zilikuwa Afrika Mashariki katika nchi mbili tofauti: moja ndani ya chumba cha mitambo cha chuo, nyingine katika ofisi ya kampuni ndogo ya mwanachama. Zote ziliendesha programu ya seva iitwayo UnrealIRCd, ya mfululizo wa 3.2. Kazi ya kusajili lakabu na vyumba, yaani akina NickServ na ChanServ, ilifanywa na programu ya pembeni, Anope 1.8, iliyokaa kwenye kitovu peke yake. Mila ilikuwa kwamba anayetoa mashine anapewa na cheo cha opereta wa mtandao, yaani mamlaka juu ya watumiaji. Mila hii itarudi kutusumbua.

Wahusika wakuu ni watano. Mwasisi, ambaye wote walimwita Kaka Mkubwa. Fundi, kijana aliyekuwa akitunza kitovu bila malipo. Dada wa Baraza, aliyesimamia nidhamu kwenye vyumba na kupokea malalamiko yote. Na wadhamini wawili wa seva tanzu.

Kilicholazimisha mabadiliko

Mwanzoni mwa 2023 mwenye mashine ya Ulaya alitoa notisi: mashine ya zamani itazimwa, wateja wahamie mpya. Kuhamisha programu ilivyo hakukuwa na maana. Mfululizo wa 3.2 uliacha kutunzwa na waandishi wake mwisho wa 2016. Isitoshe, mfumo wa mashine ile ulikuwa na OpenSSL ya kale, programu ya usimbaji, iliyojua tu TLS 1.0, toleo la zamani la kanuni inayolinda mawasiliano. Programu nyingi mpya za simu zilikuwa zimeshaikataa TLS hiyo, kwa hiyo mwanachama aliyenunua simu mpya alijikuta akiunganishwa bila usalama wowote kupitia poti 6667, au haunganishwi kabisa.

Notisi ilikuta matatizo mengine matatu yaliyokuwa yamezoeleka.

La kwanza ni mipasuko. Seva za IRC huunganishwa kama matawi ya mti, bila mzunguko: kati ya seva mbili kuna njia moja tu. Waya ukikatika, mtandao unagawanyika, na kila upande unaona wenzao wa upande wa pili wakiondoka kwa mkupuo. Seva ya chuo ilikatika kila umeme ulipoyumba, na wakati mwingine bila sababu iliyojulikana. Watu walikuwa wakisoma orodha ndefu za walioondoka na waliorudi kuliko mazungumzo yenyewe.

La pili ni anwani za pamoja. Kampuni za simu hazina anwani za IPv4 za kumtosha kila mteja, hivyo huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Opereta aliyezoea intaneti ya waya humpiga marufuku mkorofi kwa anwani yake. Dada wa Baraza aliwahi kumfungia kijana mmoja mtukanaji, na jioni ileile akaanza kupokea ujumbe wa watu wasiohusika, wote wa kampuni moja ya simu, wakiuliza wamekosa nini. Mtukanaji mwenyewe alizima data, akawasha, akapata anwani nyingine na kurudi kumcheka.

La tatu ni ujumbe uliopotea. IRC ya asili haihifadhi kitu: usipokuwepo, hukuyasikia. Mwaka 1988, Jarkko Oikarinen alipoiandika mjini Oulu, Finland, hilo halikuwa kero, kwa kuwa watumiaji walikaa mbele ya kompyuta za chuo zisizotoka kwenye mtandao. Mtumiaji wa leo yuko kwenye daladala, simu imelala mfukoni, bando limeisha katikati ya swali. Aliuliza saa nne asubuhi, akajibiwa vizuri saa nne na robo, na hakuliona jibu. Vijana wengi walikuwa wamehamia WhatsApp na Telegram kwa sababu hiyo tu.

Uamuzi wa kwanza: kubaki kwenye IRC

Hoja ya kuhama kabisa ililetwa mezani, na ilistahili. Telegram ilikuwa tayari ina kikundi kisicho rasmi. Mtu mwingine alipendekeza Matrix, mfumo huria wa gumzo.

Matrix ilianguka kwa sababu ya mashine. Mashine mpya waliyoweza kuilipia ilikuwa na gigabaiti moja ya kumbukumbu, na Synapse, seva ya Matrix inayotumika zaidi, ina njaa kuliko hiyo mara inapoanza kujiunga na vyumba vikubwa vya nje. WhatsApp ilianguka kwa hoja ya Dada wa Baraza: katika vikundi vya huko namba ya simu ya kila mwanachama ilikuwa ikionekana na wenzake, na wanawake kadhaa walikuwa wamekuja kwenye IRC hasa kwa kuwa lakabu haimpi mtu asiyemjua njia ya kukupigia usiku. Telegram ilikuwa na hoja nzuri zaidi, lakini roboti za chumba cha msaada, ambazo ndizo zilizojibu maswali ya kila siku, zilikuwa za IRC na hakuna aliyejitolea kuziandika upya. Pia IRC ni maandishi matupu, kila mstari hauzidi baiti 512, na inakwenda hata pale simu inapoonyesha herufi E badala ya 4G.

Uamuzi huu ulichukua jioni moja, na naona ulifanywa vizuri kwa sababu kila hoja ilikuwa na mtu halisi nyuma yake.

Uamuzi wa pili: programu ipi

Hapa ndipo muda ulipopotea.

Kundi la kwanza lilitaka UnrealIRCd 6, iliyotoka Desemba 2021. Ilikuwa na sababu nzuri: maoperata waliijua lugha yake, kinga zake dhidi ya mafuriko na takataka ni nyingi na ziko tayari, vyumba vinaweza kuwekewa historia, na inapokea watumiaji wa kivinjari kupitia njia iitwayo WebSocket. Ila kulikuwa na jambo ambalo baadhi yao hawakulijua: 6 haiungani na 3.2. Kwa hiyo wazo la kubadilisha seva moja moja huku mtandao ukiendelea halikuwezekana.

Kaka Mkubwa aliipinga kwa sababu ya 2010. Kifurushi cha toleo 3.2.8.1 kwenye baadhi ya seva za kupakulia kilibadilishwa Novemba 2009 na kutiwa mlango wa uani uliomruhusu yeyote kuendesha amri kwenye mashine, na jambo hilo halikugunduliwa hadi Juni 2010. Ni kweli, na ni kisa kila mwendesha seva anapaswa kukijua. Lakini kama hoja ya 2023 haikuwa na uzito. Waandishi walianza kutia saini ya PGP, alama ya kidijitali inayothibitisha nani katoa faili, kwenye vifurushi baada ya hapo, na dawa ni kuihakiki saini hiyo kila unapopakua, iwe programu ni hii au nyingine. Tena yeye mwenyewe alikuwa ameiendesha 3.2 miaka yote hiyo.

Mdhamini wa ofisini alitaka InspIRCd. Imeandikwa kwa C++, ilianza 2002, na karibu kila kitu ndani yake ni moduli, yaani kipande cha ziada unachokichagua. Kwa mtandao wa seva nyingi ni chaguo ambalo nisingemlaumu mtu kulifanya. Tatizo ni kwamba ubishi kati ya kambi hizi mbili uligeuka kuwa wa kulinganisha moduli: hii ina ile, ile haina hii. Ulichukua wiki kadhaa za majira ambayo notisi ilikuwa inahesabu, na moduli nyingi zilizotajwa hakuna aliyewahi kuzihitaji.

Solanum ilitajwa kwa heshima, kwa kuwa ndiyo inayoendesha mtandao wa Libera Chat tangu wafanyakazi wa freenode, mtandao mwingine mkubwa wa IRC, walipojiuzulu Mei 2021 na kuanzisha mtandao wao. Iliondolewa haraka. Ni programu safi iliyotengenezwa kwa mahitaji ya mtandao mkubwa wenye timu kubwa, haina historia ya vyumba, na huduma za lakabu unaziweka pembeni. ngIRCd nayo ni nyepesi kama unyoya, inafaa ofisi au maabara, lakini isingewatatulia hata moja kati ya yale matatu.

Fundi aliongeza la tano: Ergo, zamani ikiitwa Oragono. Imeandikwa kwa Go, inakuja kama faili moja la kuendesha na faili moja la mipangilio. Usajili wa lakabu na vyumba umo ndani yake, huhitaji Anope pembeni. Inahifadhi historia na kumpa mtumiaji aliyekosa. Ina hali ya kudumu, ambapo akaunti yako inabaki chumbani hata simu ikizimika, na simu na kompyuta vinaweza kutumia lakabu moja kwa pamoja. WebSocket ipo.

Ila Ergo haiunganishi seva. Ni moja, basi. Kwa sababu hiyo pekee karibu wote waliitupa nje siku ya kwanza. Mtandao ni mtandao kwa kuwa una seva nyingi. Ndivyo walivyofundishwa na ndivyo walivyojivunia.

Uamuzi wa tatu: je, tunahitaji seva nyingi?

Fundi hakubishana. Alichukua kumbukumbu za kitovu za mwaka uliotangulia na kupanga sababu zote za watu kuondoka katika mafungu. Fungu kubwa kabisa lilikuwa muda wa ping kuisha, yaani simu iliyopotea hewani. La pili lilikuwa mipasuko. Yaliyobaki, pamoja na watu walioaga wenyewe, yalikuwa madogo.

Kisha akauliza swali ambalo kumbukumbu ziliweza kulijibu: ni mara ngapi kuwepo kwa seva ya pili au ya tatu kulimfaidi mtu? Jibu halikupendeza. Seva tanzu ilipoanguka, watu wake walilazimika kuunganishwa upya kwenye nyingine, sawasawa na ambavyo wangeunganishwa upya na seva moja ikirudi. Kitovu kilipoanguka ndiyo mbaya zaidi. Tanzu mbili hazikuwa na njia ya moja kwa moja kati yao, hivyo zilitengana. Anope ilianguka pamoja na kitovu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuthibitisha lakabu yake. Mara moja katika hali hiyo mtu alikaa kwenye lakabu ya Dada wa Baraza na kuwadanganya watu. Faida nyingine iliyodhaniwa, kwamba seva iliyo karibu inakuwa ya kasi, haikuonekana pia: ujumbe kutoka tanzu moja kwenda nyingine ulipitia Ulaya kwanza.

Kwa maneno mengine, mtandao huu ulikuwa na seva tatu za kuvunjika na moja tu ya kutegemewa. Naliona hili ndilo kiini cha kisa. Seva nyingi huleta uimara pale tu huduma nazo zina mbadala na njia kati ya seva ni madhubuti kuliko njia za watumiaji wenyewe. Hapa chuo na ofisi vilikuwa na intaneti na umeme ule ule uliowasumbua watumiaji nyumbani, na seva zao zilizidisha tatizo badala ya kulizuia.

Kwa ukubwa, seva moja haikuwa na shida. Waandishi wa Ergo wanazungumzia maelfu ya watu kwa wakati mmoja. Hawa walikuwa mamia.

Baada ya ripoti hiyo Kaka Mkubwa alibadili msimamo, naye akawageuza wengine. Ergo ikachaguliwa, UnrealIRCd 6 ikawekwa akiba endapo majaribio yangeshindwa.

Wadhamini

Lililobaki halikuwa la kiufundi. Seva ikiwa moja, wadhamini wawili wanapoteza mashine zao kwenye mtandao, na kwa mila ya zamani wanapoteza cheo.

Wazee wa mtandao waliamua kutenganisha mambo mawili ambayo hayakupaswa kuunganishwa: kumiliki mashine, na kuwa na mamlaka juu ya watu. Uopereta ukawa wa kupewa kwa kazi. Mdhamini wa chuo alipewa kazi ya kupokea nakala akiba za hifadhidata kila usiku na kuhifadhi ukurasa wa kuingilia kwa kivinjari. Alikubali, alikiri kwamba simu za usiku kuhusu seva kukatika zilikuwa zimemchosha.

Mdhamini wa ofisini hakukubali. Aliambiwa uamuzi ukiwa tayari umefikiwa, kwenye chumba cha maoperata, mbele ya watu. Aliondoka kwa ukimya na chumba chake cha michezo kikaondoka naye. Mtu aliyelipia umeme wa seva kwa miaka alistahili kupigiwa simu kwanza, na Kaka Mkubwa ndiye aliyefaa kuipiga.

Kuhama

Manenosiri yalishughulikiwa kwanza, na hatua hii ilipangwa vizuri kuliko zote. Hifadhidata ya Anope 1.8 ilikuwa na manenosiri yaliyofichwa kwa MD5, njia isiyofaa tena kulinda nenosiri. Ergo ina zana ya kuingiza hifadhidata ya Anope, lakini ya mfululizo wa 2. Badala ya kukimbilia kubadilisha siku moja, Fundi alipandisha Anope hadi 2.0 huku UnrealIRCd ya zamani ikiendelea. Anope 2.0 inaweza kusoma nenosiri la mtindo wa zamani na, mwenyewe akiingia salama, kuliandika upya kwa mtindo mpya ulioutaja wa kwanza kwenye mipangilio. Kisha likatolewa tangazo likabandikwa kwenye kila chumba: kila mtu aingie angalau mara moja kabla ya tarehe fulani. Walioitika wakahamia bila kujua kwamba kuna kilichotokea. Ambao hawakuitika akaunti zao zilihamishwa zikiwa zimefungwa, na kufunguliwa kwa mkono baada ya mwenyewe kutambuliwa na watu wawili wanaomfahamu. Hakuna MD5 iliyovuka.

La pili ni majina ya seva. Mtandao ulikuwa na jina moja la jumla lililoelekeza kwa zamu kwenye seva zote tatu, pamoja na jina la kila seva. Watu wengi walikuwa wameweka jina la tanzu moja kwenye simu zao miaka iliyopita na kusahau. Fundi aliyaelekeza majina yote manne kwenye mashine mpya na kuyaingiza yote kwenye cheti kimoja cha Let's Encrypt, kinachothibitisha kwa programu kwamba seva ni ile yenyewe. Angeacha hata jina moja nje ya cheti, simu za watu hao zingekataa kuunganishwa zikidai kuna udanganyifu, na wengi wasingejua pa kuuliza. Siku chache kabla, alipunguza pia muda ambao kumbukumbu za DNS, zinazoonyesha jina lina anwani gani, zinaruhusiwa kukaa kwenye mitandao ya watu, ili mabadiliko yasambae haraka.

La tatu ni poti. Ergo kwa kawaida hufungua 6697 yenye TLS kwa umma, na 6667 isiyo na TLS kwa mashine yenyewe tu. Hilo liliwasaidia bila kutarajia: roboti za msaada zilikuwa Eggdrop za zamani zisizojua TLS, nazo zikahamishiwa kwenye mashine ileile na kuunganishwa kwa ndani. Kwa umma, 6667 iliachwa wazi kwa muda mfupi na kisha ikawekwa iwe ya kuelekeza tu: programu inayoijua STS, kanuni ya kuihamishia programu kwenye TLS, inapelekwa kwenye 6697 yenyewe, isiyoijua inapewa ujumbe wa Kiswahili unaoeleza la kufanya.

Seva mpya ilifunguliwa Jumapili asubuhi. Hadi jioni wengi walikuwa wamefika.

Wiki za mwanzo

Jioni ileile tatizo la anwani za pamoja lilirudi kwa sura nyingine. Ergo, kama seva nyingine, huweka kikomo cha miunganisho kwa kila anwani. Watu wa kampuni moja ya simu walifika pamoja na wa mwisho wakakataliwa. Fundi alipandisha kikomo, na kwa anwani zilizokuwa na historia ya fujo akatumia njia ambayo mtandao wa zamani haukuwa nayo: badala ya kuifunga anwani, unaamuru kwamba anayetoka huko lazima aingie kwa akaunti kupitia SASL, njia ya kuthibitisha akaunti wakati wa kuunganishwa. Mwenye akaunti anapita, mgeni wa lakabu tupu anasubiri. Dada wa Baraza anaiona hii kuwa faida kubwa kuliko zote, na kwa mtandao wa watumiaji wa simu nakubaliana naye. Marufuku kwa anwani ni chombo cha intaneti nyingine.

Historia ndiyo iliyoleta mjadala wa kweli. Mwanzoni iliwekwa kwenye kumbukumbu ya mashine tu, bila MySQL, programu ya hifadhidata, kwa kuogopa kuilemea mashine ndogo. Wiki chache baadaye likaja sasisho la Ergo, seva ikawashwa upya, na historia yote ikayeyuka. Watu waliokuwa wameanza kuizoea walilalamika kuliko walivyowahi kulalamika walipokuwa hawana kabisa. MySQL ikawekwa.

Hapo wengine wakashtuka. Kwa miaka yote seva haikuwa imehifadhi neno lolote. Aliyetaka kuhifadhi alihifadhi kwake. Sasa soga za baraza, pamoja na mambo ya ndoa, madeni na siasa, zingelala kwenye diski ya mashine iliyoko Ulaya na nakala chuoni. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Ulaya ina yake. Lakini ukweli ni kwamba waliolalamika hawakutaja sheria, walitaja wake na waajiri. Ergo inaruhusu kila chumba kuwa na msimamo wake. Chumba cha msaada kilipewa historia ya kudumu yenye ukomo wa siku. Baraza lilipewa historia ya kumbukumbu tu, inayofutika seva ikizimwa, na ujumbe wa binafsi ukaachwa bila kuhifadhiwa. Nakala ya usiku inayokwenda chuoni ikawekewa akaunti na mipangilio peke yake.

Matokeo

Mipasuko imekwisha, kwa kuwa hakuna cha kupasuka. Malalamiko ya majibu yaliyopotea kwenye chumba cha msaada yamepungua sana, hasa kwa wanaotumia programu zinazoielewa historia ya seva, kama Goguma kwenye Android. Wanaotumia programu za zamani wanaona mistari ya nyuma ikimiminika kila wanapoingia na baadhi wanaudhika nayo.

Idadi ya waliopo jioni imepanda, lakini namba hiyo haina maana tena. Akaunti za hali ya kudumu zinahesabika kuwa zipo hata mwenyewe akiwa usingizini. Kaka Mkubwa hupenda kuitaja. Fundi ameacha kumsahihisha.

Vijana waliohamia Telegram hawajarudi kwa wingi.

Na kuna siku mwenye mashine alipata hitilafu mchana, kukawa kimya kwa saa kadhaa. Hapakuwa na seva nyingine ya kukimbilia. Maoperata walijikuta wakipashana habari kwenye kikundi cha WhatsApp, programu ile ile waliyoikataa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kuhesabu. Orodha ya sababu za watu kuondoka ilimaliza ubishi ambao jedwali la moduli lilikuwa linauchochea. Kila seva ya IRC ina kumbukumbu hizo, na ilitakiwa zisomwe kabla programu yoyote haijatajwa kwa jina. Zingesomwa mapema, wiki za UnrealIRCd dhidi ya InspIRCd zisingekuwapo, kwa sababu programu zote mbili ni jibu zuri kwa swali ambalo mtandao huu haukuwa nalo.

Kuhamisha manenosiri kwa awamu kulifanikiwa kwa kuwa sehemu yenye hatari ilifanyika kwenye mtandao wa zamani, ambako kurudi nyuma kulikuwa rahisi. Siku ya kuhama yenyewe ilibaki na mambo machache ya kuharibika.

Historia haikufikiriwa vya kutosha. Iliorodheshwa kama sifa ya programu, kana kwamba ni rangi ya gari. Kumbe ndiyo iliyogeuza mtandao usiohifadhi kitu kuwa mtandao unaohifadhi, na mabadiliko hayo yalihitaji kuulizwa kwa watu kabla ya seva kufunguliwa. Suluhisho la chumba kwa chumba lilikuja baadaye na ni zuri, ila lilikuja kwa kelele.

Kuhusu saa zile za kimya: sioni kuwa zinabatilisha uamuzi. Mtandao wa zamani ulikuwa na vipindi vingi zaidi vya kukatika ukivijumlisha, ila vilikuwa vidogo vidogo na watu walikuwa wamevizoea. Seva moja ikianguka inaonekana na kila mtu kwa wakati mmoja. Kinachokosekana ni mashine ya pili iliyozimwa, yenye nakala ya jana, inayoweza kuwashwa na majina yakaelekezwa kwake. Nakala zipo chuoni tayari. Zoezi la kuzirudisha limefanywa mara moja tu, na lilikwama kwanza kwenye faili la cheti ambalo halikuwemo.

Uamuzi huu haufai kila mtandao. Wenye maelfu ya watu katika mabara kadhaa, wenye timu za maoperata wanaopokezana na mashine kwenye vituo vya data vya kuaminika, wanahitaji seva zinazoungana, na hapo UnrealIRCd au InspIRCd ndizo za kuanzia. Wakichagua hivyo wazipe huduma za lakabu uzito uleule wanaoupa uunganishaji, maana bila hizo seva za ziada ni mapambo. Na ofisi inayotaka chumba cha ndani tu isijisumbue na lolote kati ya haya, ngIRCd inatosha.

Suala la kutoka limebaki wazi. Zana ya kuingia kutoka Anope ipo ndani ya Ergo. Fundi alipotafuta ya kurudi upande wa pili hakuikuta. Mtandao ukikua hadi seva moja isitoshe, italazimu aiandike mwenyewe. Ameshaanza kuhifadhi, pamoja na nakala za usiku, maelezo ya namna akaunti zilivyopangwa ndani ya hifadhidata, na safari hii maelezo hayo anayo pia Dada wa Baraza.